Sifa nzuri inakuja na mbaya? Hesabu punje kwanza

Anayejichagulia mbegu mwenyewe anaijua kero hii: kila akichagua sifa anayoipenda, ile asiyoitaka inafuata nyuma. Mara nyingi jeni za sifa hizo mbili zinakaa jirani kwenye kromosomu moja, yaani uzi mmoja unaobeba jeni ndani ya seli, kwa hiyo hurithiwa pamoja. Huachana pale tu kromosomu pacha zinapobadilishana vipande, mmea unapotengeneza chavua au mayai. Zikiwa karibu sana, huachana kwa nadra.

Mahindi ndiyo mwalimu mzuri, maana punje ikiwa bado kwenye gunzi inakuonyesha kizazi kipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mtafiti Hutchison, Marekani, alikutanisha mahindi ya punje zenye rangi na zilizojaa na yale yasiyo na rangi, yaliyonyauka. Chotara waliotoka akawachavusha tena na aina ya mzazi asiye na rangi, mnyaufu. Akahesabu mafungu manne: rangi na kujaa 4,032, bila rangi na kunyauka 4,035, rangi na kunyauka 149, bila rangi na kujaa 152.

Mafungu mawili madogo ndiyo yaliyochanganyika upya. Jumlisha 149 na 152, upate 301. Gawa kwa punje zote, 8,368, kisha zidisha kwa 100: asilimia 3.6. Ukipata karibu 50, jeni hizo hazijafungamana, yaani kila moja hurithiwa kivyake.

Hesabu hii inakuambia uandae punje ngapi. Ukitafuta fungu moja tu, sema zenye rangi na zilizonyauka, nafasi yako ni nusu ya 3.6, yaani asilimia 1.8. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kupata japo punje moja, unahitaji punje 165 hivi. Jeni zisizofungamana zingekudai 11 tu! Wengi hukata tamaa baada ya kupekua punje thelathini.

Ukifanya jaribio hili shambani kwako, funika kibunzi kwa mfuko wa karatasi kabla ndevu hazijatoka, kisha ukichavushe mwenyewe. Chavua ya shamba la jirani ikiingia, hesabu yote imeharibika. Mwaga punje kwenye ungo, utenge mafungu manne, uhesabu kila moja.

Punje uliyoitafuta ipande peke yake, uichavushe kwa chavua yake yenyewe. Rangi yake bado haijatulia: katika punje nne za uzao wake, kwa wastani moja itatoka bila rangi.