Namna ya Kuadhimisha Siku ya Kuzaliwa ya Januari Mjini Minneapolis

Aliyezaliwa Januari na kuishi Minnesota, jimbo la Marekani ulimo mji wa Minneapolis, huadhimisha siku yake watu wakiwa wamechoshwa na Krismasi, mifuko ikiwa mitupu, na jua la mwanzo wa mwezi likizama kabla ya saa 11 jioni. Usikubali siku hiyo iunganishwe na Mwaka Mpya, kwa sababu mtoto hutambua upesi kwamba zawadi moja imepewa majina mawili, na huumia.

Anza na tarehe. Jumatatu ya tatu ya Januari ni sikukuu ya kitaifa ya Marekani ya kumkumbuka Martin Luther King Jr., mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, kwa hiyo Jumapili inayoitangulia huwafaa wengi, maana kesho yake shule na ofisi nyingi hufungwa. Alika watu mchana, kungali na mwanga barabarani, na uwatajie mapema siku ya akiba endapo theluji itafunga njia.

Mahali ninapopapendekeza kwa moyo wote ni nyumba ya kioo ya mimea katika bustani ya Como, katika jiji jirani la Saint Paul, iliyofunguliwa mwaka 1915. Nje baridi huweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri, ilhali ndani mna miti ya jamii ya minazi na joto lenye unyevu ambalo humrudisha mtu wa pwani kwao kwa saa nzima. Hakuna kiingilio cha lazima, ingawa mchango hupokelewa.

Kisha rudini nyumbani kwa biriani na chai ya tangawizi. Keki isiachwe garini, kwa kuwa itaganda.