Skuta ya cc 300 na njia ya Malindi: mambo ya kuangalia kabla hujatoka

Anayenunua skuta kubwa kidogo huulizwa swali moja na kila mtu: inakimbia ngapi? Jibu ni rahisi, ila halimsaidii. Vespa GTS 300 au Yamaha XMAX 300 hupita mia moja kwa saa bila kulalamika. Mimi huuliza jingine: ukiwa tisini, na lori likatokea upande wako likipita jingine, skuta imebakiwa na nini cha kukuokoa? Njia ninayoijua ni ya Mombasa hadi Malindi, kilomita kama 120, na haya yote nimeyapima huko.

Anza na tairi, tena usiwe na haraka. Gurudumu la Vespa GTS ni inchi 12. Bodaboda nyingi huvaa 17 au 18, ndiyo maana shimo ambalo bodaboda hulivuka huku akipiga soga na abiria, wewe unatumbukia ndani yake. Ukiwa kwenye arubaini utaumia kiuno tu. Kwenye tisini rimu hupinda na usukani hukuponyoka. Kwa hiyo tairi za safari ndefu zisiwe za kubahatisha. Tazama ubavuni: baada ya namba za ukubwa kuna herufi ya mwendo ambao tairi imetengenezewa kuuhimili. J ni 100, L ni 120, P ni 150. Tairi ya bei nafuu yenye J itaingia vizuri kwenye rimu na hutaona tofauti yoyote sokoni Kongowea. Tofauti iko kwenye lami ya moto saa saba mchana. Kisha tafuta namba nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa zamani hukakamaa hata kama meno bado yako. Upepo upime asubuhi, kabla tairi haijapata moto, kwa kipimo chako mwenyewe, na ufuate namba za kitabu cha skuta. Mara nyingi zipo za mtu mmoja na za watu wawili, na hazifanani.

Ndani ya kasha la injini la upande wa kushoto kuna kitu ambacho wengi hukisahau kwa sababu hakionekani. Skuta haina mnyororo, nguvu hupita kwenye mkanda. Ukikatika njiani, kwa kawaida injini hunguruma na skuta haiendi, basi. Lakini kuna siku vipande hujisokota na kulibana gurudumu la nyuma, na hilo hutaki likupate ukiwa tisini. Yangu niliinunua imetumika, na muuzaji aliniapia kuwa mkanda ni mpya. Fundi alipofungua kasha tulikuta nyufa za kuingiza ukucha. Aina nyingi hutaka mkanda ubadilishwe kati ya kilomita 10,000 na 24,000, kitabu kitakwambia. Kama huna historia ya skuta yako, fungua uone. Mwambie fundi atazame na rola pia, vile vijiuzito vya mviringo vinavyozunguka ndani ya kasha hilo, maana zikilika upande mmoja skuta huanza kusitasita unapoongeza mafuta, na kusitasita huko huja wakati uleule unapotaka kulipita trela.

Ukitaka kujua mwendo wako halisi, usiuamini mshale. Kanuni za kimataifa zinazofuatwa na watengenezaji wengi zinakataza kipimo kuonyesha chini ya mwendo wa kweli, lakini zinaruhusu kizidishe kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Mshale ukisema 103, huenda wewe ni 90. Habari njema ukikutana na polisi, si kwa majivuno.

Na hiyo 90 ni mita 25 kila sekunde. Ng'ombe akiingia barabarani, sekunde moja ya kushtuka imekwisha na mita 25 zimekwenda kabla hujagusa breki. Breki nzuri kwenye lami kavu zitataka mita kama 45 nyingine. Kwenye 50 jumla yake haifiki 30. Hapo tena skuta haina gia ya kushusha ili injini ikusaidie kama kwenye pikipiki, karibu mzigo wote ni wa breki. Kwa hiyo tazama unene wa pedi kabla ya safari, na kama yako ina ABS (mfumo unaozuia gurudumu lisikwame ukifunga breki kwa nguvu) ya mbele tu, jua hivyo mapema. Tafuta mahali patupu, kausha mikono, ufunge breki kwa nguvu mara kumi kutoka 60. Nashangaa watu wanavyobeba pampu na spana lakini hawajawahi kuzifunga breki zao hadi mwisho hata siku moja.

Upepo ndio uliobadilisha mawazo yangu juu ya mwendo. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi inavuma kutoka baharini, na bahari iko mkono wako wa kulia ukielekea Malindi. Kwenye mashamba ya katani ya Vipingo unausikia kidogo. Kwenye daraja la Kilifi, lililofunguliwa 1991 na kuipumzisha feri, uko juu wazi, na hapana mti wa kukukinga. Skuta ina kioo mbele na ubavu mpana, lakini huna tangi la kulibana kwa magoti. Wengi hukaza mikono, nao ndio wanaotikisa usukani. Legeza mabega, shika kwa upole, shuka hadi sitini kabla ya daraja, kaa katikati ya upande wako. Basi linapokuja kutoka mbele, litakukinga kidogo halafu litakuachia kipigo cha hewa, kitarajie.

Mizigo: sanduku la nyuma likijaa, uzito wote unakaa nyuma ya gurudumu la nyuma na mbele huwa jepesi. Kwenye mwendo mkubwa usukani huanza kucheza. Weka kizito chini ya kiti, na sanduku liwe la nguo.

Mavazi sitayasemea sana. Kofia ngumu na jaketi ya kung'aa sheria ya Kenya inavitaka kwako na kwa abiria wako. Glovu na viatu vilivyofunika vifundo ni juu yako, ila wenye malapa wanajijua.

Kutoka Mtwapa hadi Kilifi barabara imekuwa ikipanuliwa, kuna michepuko, vumbi na matuta yasiyopakwa rangi. Hapo hesabu ya mwendo haipo. Baada ya Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke uko kushoto na nyani hukaa ukingoni wakisubiri chakula cha wasafiri. Ukifika Kilifi simama, uzime, na uweke kiganja kwenye tairi ya nyuma. Joto la kawaida utalivumilia. Ikikuchoma kiasi cha kuondoa mkono, ulitoka Mombasa na upepo mdogo, basi ujaze hapo kabla ya kuendelea.