Kutunza mashine ya oksijeni wodini: maelekezo ya fundi wa Kigoma

Dada zangu wauguzi, mimi ndiye fundi wa vifaa tiba, na kabla ya kuniita naomba mfanye haya.

Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 21. Sehemu kubwa iliyobaki ni nitrojeni. Ndani ya konsentreta, yaani hiyo mashine ya oksijeni, kuna punje za ziolaiti zinazonasa nitrojeni ili oksijeni ipite kwenda kwa mgonjwa. Unyevu ndio unaoziua punje hizo, na sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika tunaujua, hasa mvua zikishika kuanzia Novemba. Msiifungie mashine stoo miezi mizima. Iwasheni mara kwa mara hata kama wodi haina mgonjwa wa kuihitaji, na ikae sentimita 30 kutoka ukutani.

Chujio la sponji lioshwe kila wiki kwa sabuni laini, lisuuzwe, likauke kabisa ndipo lirudishwe. Kiangazi, vumbi likizidi, msingoje wiki iishe.

Kengele ikilia, kwanza mhamishieni mgonjwa kwenye mtungi wa oksijeni. Kisha pimeni: oksijeni ikiwa chini ya asilimia 82, mashine hiyo isitumike, niiteni. Mtungi uliojaa usitoke wodini kamwe. Umeme ukikatika, mtoto mwenye nimonia hawezi kungoja jenereta.