Kuweka boti ya tanga kwenye boya kaskazi nzima

Kuna wanaoniuliza kwa nini boti isikae nyumbani juu ya treila niwe naivuta siku nikitaka kutembea. Ushavuta treila Jumamosi na foleni ya Nyali hapa Mombasa wewe? Boti ni ya futi 16 tu lakini kusimamisha mlingoti, kufunga kamba, kushusha, ni saa nzima na zaidi hujalowa hata kidole, na kurudi ni hivo hivo. Ikiwa kwenye boya unapiga kasia kidogo ushafika, unatweka tanga unaondoka. Mimi naiteremsha Disemba kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini) ikishatulia na mwisho wa Machi naitoa, manake masika ikianza boti inajaa maji ya mvua kama beseni na nyuma yake kusi, upepo wa kutoka kusini, inakuja.

Kwanza mahali. Ndani ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kama Tudor, chini ni matope na mawimbi hayafiki. Upande wa Kilindini meli zinapita, usijaribu. Nenda kaongee na wavuvi na watu wa BMU (kikundi cha kusimamia ufuo) wa pale kabla hujatupa kitu majini, wao ndio wanajua wapi nyavu zinapita na wapi kuna mwamba, na ndio watakaokupigia simu usiku boti ikikatika. Makaratasi ya chombo ni KMA, mamlaka ya usafiri wa baharini Kenya, yamalize ukiwa bado nchi kavu.

Sasa hesabu ya maji, na hapa ndipo mimi nilipochemsha. Mwaka wa kwanza nilipima kina kwa kamba na jiwe siku ya maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, nkaona poa, nkakata mnyororo wa kushika boya chini kwa kipimo hicho. Wiki iliyofuata mwezi ukaandama, bamvua likaja, yaani maji yanajaa na kukupwa kupita kiasi, boya likazama lote na boti ikavutwa omo (pua ya boti) chini kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, maji yanaingia kwa mbele. Jirani akaikata kamba akaiokoa. Kwa hivo pima siku ya bamvua, maji makavu (yamekupwa kabisa), na Mombasa hiyo ni mida ya saa nne asubuhi, halafu ongeza mita 4. Una mita 2 maji yakiwa makavu? Hesabu 6 yakijaa, na mnyororo pamoja na kamba visipungue mita 9. Ujue pia maji yakikupwa urefu wote huo unalegea, kwa hivo boti inazunguka duara kubwa, mita 9 na urefu wa boti juu yake, angalia usije ukawa unagonga ngalawa ya mtu kila mkondo ukigeuka.

Uzito wa kukaa chini kushika mnyororo, mimi nilijaza zege kwenye pipa la lita 200, nkatia nondo nene iliyokunjwa ikatokeza pete juu. Linafika kilo 480 hivi lakini usifurahi, zege ikiingia majini inapoteza kama asilimia 40, unabaki na kilo 280 hivi. Kwa boti ndogo kwenye matope inatosha, likishazama ndani kidogo halitoki. Kulipeleka ndio raha yake: maji yakiwa makavu liviringishe mpaka chini kabisa, lifunge mapipa matatu matupu yaliyozibwa vizuri, kaa unywe chai, maji yakijaa linaelea lenyewe unalivuta na boti hadi pale unapotaka unakata kamba. Mguu usiwe karibu na kamba yoyote wakati huo!

Mnyororo wa mabati na shekeli (pete za kuunganishia zenye pini) za mabati, usichanganye na chuma cha pua kwa sababu kwenye chumvi kimoja kinamla mwenzake. Pini ya kila shekeli ifunge na waya, isipofungwa inajifungua polepole na wewe huioni. Weka swiveli, kiungo kinachozunguka mnyororo usijisokote, chini ya boya. Kamba ya kwenda kwenye boti ivishe kipande cha mpira wa maji pale inaposugua omo, na weka mbili sio moja.

Tanga, usukani na injini peleka nyumbani. Jua linakula tanga, na injini, mh, nyie mnajua. Ubao wa katikati upandishe juu. Rangi ya kuzuia uchafu ipakwe kabla hujashusha, hata hivo kila wiki mbili piga mbizi na brashi, mwani unatoka rahisi lakini chaza wakishakomaa utakwangua mpaka ulie.

Kila bamvua, saa ile ile ya maji makavu, vuta mnyororo uangalie viungo. Kiungo kikiisha theluthi ya unene wake badilisha, hata kama huku juu boya linang'aa.

Na treila siku ya kushusha, ukitoka barabarani ngoja beringi zipoe kwanza ndio uingie majini, zikiwa moto zinafyonza chumvi. Ukirudi zioshe na maji yasiyo na chumvi, tia grisi, na magurudumu yainue juu ya matofali mpaka Machi.