Kumsaidia mgonjwa kuurudia upande wa mwili alioupoteza baada ya jeraha la ubongo

Mtu aliyeumia ubongo, iwe kwa ajali ya pikipiki au kwa kiharusi, huweza kugonga bega la kushoto mlangoni kila anapopita, au akamaliza fufu yote na kuiacha sombe iliyo upande wa kushoto wa sahani kana kwamba haipo. Hali hiyo hutokea zaidi sehemu ya kulia ya ubongo inapojeruhiwa. Jamaa wasiidhanie kuwa ukaidi: macho yake huenda ni mazima, ila ubongo hauuzingatii tena upande huo, na kumkemea ni kumwonea.

Daktari akisharuhusu mazoezi, kaeni upande huo mnapozungumza naye, na mkiona hajawatambua, anzieni mbele yake kisha msogee kushoto polepole. Wekeni kipande cha kitenge chenye rangi kali kwenye ukingo wa kushoto wa meza, akitafute kwa macho kabla ya kuanza kula. Mkono wa kushoto ausugue mwenyewe kwa taulo huku akiutazama. Maji ya kuoga ayapime kwa mkono wa kulia ulio na afya, na jiko la makala likae mbali, kwa kuwa anaweza kuungua bila kuhisi.

Kwa maoni yangu, kufua kunafaa kuliko kuminya mpira. Aketi kitini, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, beseni mezani mbele yake. Mkono wa kushoto, ulio dhaifu, uikandamize nguo, ule mwingine usugue. Hapo mikono miwili inafanya kazi moja yenye maana kwake, naye anairudia mara nyingi bila kuchoshwa na hesabu.

Msimwinue kamwe kwa kumvuta mkono, kwa maana misuli ya bega imelegea na kiungo huteguka kwa urahisi. Akiketi, mkono huo uegemee mto.

Kutembea kuanzie ndani, kwenye sakafu tambarare, kwa maana mawe ya volkano ya mitaa ya Goma humwangusha hata mzima. Mfungeni kitenge kiunoni, msaidizi akishike akiwa upande dhaifu, nyuma kidogo, na mgonjwa avae viatu vilivyofungwa, si kandambili.

Mazoezi mafupi ya mara kwa mara hushinda moja refu. Akianza kukosea alichokiweza muda mfupi uliopita, mpumzisheni. Lakini kichwa kikimuuma sana, akitapika, akipata degedege au akisinzia isivyo kawaida, mpelekeni hospitali mara moja.