Sato Anakufa Kizimbani: Mkague Kabla ya Kununua Dawa

Nikiitwa kwenye kizimba cha kufugia samaki ziwani, kitu cha kwanza ninachoomba ni sato mgonjwa aliye hai, ndani ya ndoo ya maji ya ziwa. Aliyekufa akaelea tangu asubuhi mzike tu. Kwa joto letu la Mwanza, bakteria wa kuozesha wameshamjaa na watatupoteza.

Mwangalie anavyoogelea. Akizunguka kama pia, macho yametokeza na yana ukungu mweupe, mshuku bakteria aitwaye Streptococcus agalactiae. Bakteria huyu mwili wake umezungukwa na utando wa sukari, kwa hiyo seli nyeupe za damu hupata shida kummeza. Husafiri na damu mpaka kwenye ubongo, ndiyo maana samaki hupoteza mwelekeo. Nyuma ya jicho husababisha uvimbe unaolisukuma nje. Juu ya hayo hutoa sumu inayotoboa seli za damu.

Ukiona vidonda vyekundu ubavuni, tumbo limejaa maji na magamba yamesimama, mfikirie bakteria mwingine, Aeromonas hydrophila. Yumo majini siku zote, samaki wakiwa wazima. Akipata gamba lililong'oka hujishika hapo kwa vinyweleo vyake, humwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama, kisha sumu iitwayo aerolisini hutoboa kuta za seli. Ndiyo maana huwa nauliza: mlichambua samaki kwa ukubwa lini, na kwa wavu gani? Wavu wenye mafundo makali humfungulia mlango.

Funua na mashavu (matamvua) pia. Mabaka ya manjano yanayooza huelekeza kwa bakteria wa tatu, Flavobacterium columnare.

Sasa simamisha chakula siku hiyo. Ondoa mizoga asubuhi na jioni, uzike mbali na ziwa. Kila kizimba kiwe na wavu wake wa kuchotea, uanikwe juani. Samaki wachache wanaokaribia kufa watie kwenye mfuko, uweke juu ya barafu (usiwagandishe), wafike maabara siku hiyohiyo. Mwambie mtaalamu achukue sampuli ya ubongo na figo.

Dawa ya kuchanganya na chakula isubiri majibu. Samaki aliyeugua sana hali chakula, kwa hiyo dawa unayomwaga kwa kubahatisha wanaila wazima, na bakteria wanajifunza kuistahimili.

Halafu vaa glavu, ndugu yangu. Mwaka 2015 huko Singapore, watu waliugua Streptococcus huyuhuyu kwa kula samaki wabichi wa maji baridi. Wa kwako mpike aive.