Kabla ya kuzima taa: kitafunwa cha usiku kwa anayechoma insulini

Mama yangu anachoma insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya chakula cha jioni. Siku moja alishinda kwenye shughuli ya harusi Makorora tangu alfajiri, akikoroga masufuria ya pilau na kubeba ndoo za maji. Wapishi wa shughuli mnawajua, chakula hukinusa kuliko kukila. Akarudi nyumbani Ngamiani hoi, akachoma uniti zake zilezile, akala vijiko viwili vya wali, akalala. Saa nane usiku nikamsikia anazungumza peke yake, maneno hayashikani. Kanga imelowa chapachapa. Ilikuwa kaskazi, na Tanga wakati wa kaskazi kila mtu hulala akitoka jasho, kwa hiyo nilianza kwa kumfungulia dirisha. Nilipomshika shingo ndipo nikashtuka: jasho lilikuwa la baridi. Mashine ya sukari ikasoma 2.6 (kwa kipimo cha mmol/L, kama namba zote hapa), yaani imeshuka mno.

Tangu usiku huo kuna mambo tunayatazama kabla hajapanda kitandani, na kitafunwa ni moja tu kati ya hayo.

Anza na dawa yenyewe. Insulini yenye rangi ya maziwa, ile unayoiviringisha viganjani kabla ya kuchoma, haifanyi kazi kwa nguvu ileile muda wote. Huanza taratibu na kufika kileleni kati ya saa nne hadi saa kumi hivi baada ya kuchomwa. Aliyechoma saa moja jioni ajue kwamba dawa yake ina nguvu zaidi kuanzia saa tano usiku hadi karibu na alfajiri, wakati nyumba nzima imelala na tumbo halina kitu. Ya mchanganyiko nayo ina sehemu kubwa ya insulini hiyo. Zile za muda mrefu zinazochomwa mara moja kwa siku hazina kilele kikubwa, na wengi wanaozitumia hawahitaji kula chochote kabla ya kulala. Kwa hiyo usimwige jirani yako, huenda chupa zenu hazifanani.

Kisha pima. Ikiwa chini ya 4, hapo hatuzungumzii kitafunwa tena, hiyo ni sukari iliyoshuka na inatibiwa kwanza: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena. Ikishapanda ndipo ale kitu cha kumshikilia hadi asubuhi. Ikiwa kati ya 4 na 6, na alichoma ile ya rangi ya maziwa jioni, Mama anakula kidogo. Ikiwa 7 au 8 na siku ilikuwa ya kawaida, analala. Ikiwa juu zaidi, kitafunwa kitaiongeza tu, na wala usijiongezee uniti usiku kwa kubahatisha. Namba hizi ndizo tulizopewa sisi. Wazee wengi na wenye matatizo ya figo huwekewa kiwango cha juu kidogo, kwa hiyo uliza kliniki yako ikuandikie ya kwako kwenye daftari.

Najua vipande vya kupimia ni ghali na wengi hawawezi kupima kila usiku. Kama ni lazima uchague, pima usiku wa siku iliyokwenda tofauti. Hili ndilo watu wengi hulisahau: misuli iliyofanya kazi mchana huendelea kuvuta sukari kwenye damu kwa saa nyingi baadaye. Mji wetu ni wa baiskeli. Mtu anatoka Mikanjuni hadi Raskazone na kurudi, jioni anacheza mpira, halafu anashangaa kushuka saa tisa usiku. Siku ya kulima, ya kufua mablanketi, ya kula kidogo, ya kuhara, na siku ya kunywa pombe kwa anayekunywa, zote ni siku za kupima kabla ya kulala hata kama unajisikia mzima.

Sasa chakula. Kinachotakiwa ni wanga kidogo, kama gramu 15, pamoja na kitu chenye protini. Glasi moja ya maziwa ina wanga unaokaribia kiasi hicho na protini yake humo humo, na Tanga maziwa hatuna shida nayo, iwe fresh au mgando, mradi usitie sukari. Ndiyo chaguo letu la kwanza. Siku nyingine ni kipande kimoja cha mkate na yai la kuchemsha, au ndizi moja ndogo na kiganja cha karanga. Chungwa la Muheza moja zima linafaa, lakini ulile kwa vipande, usilikamue. Juisi hupandisha haraka na kuondoka haraka, na usiku unahitaji kitu kinachokaa. Muhogo wa kuchemsha unafaa pia, ila kipande cha upana wa vidole viwili tu, maana wanga wake ni mwingi kuliko watu wanavyodhani. Vitumbua na mkate wa kumimina navipenda, lakini ni unga wa mchele na sukari, kimoja huleta kingine, na asubuhi mashine inasoma 14. Hivyo viwili tunavila mchana na tunavihesabu kwenye chakula.

Kitafunwa kisiwe mlo wa nne. Niliwahi kumlisha Mama sahani nzima ya ugali na dagaa kwa hofu ya usiku ule, na kwa wiki mbili sukari yake ya asubuhi haikushuka chini ya 12. Hofu yangu ndiyo iliyokuwa inampandisha.

Kwa Ramadhani, nenda kliniki wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama. Daku haiwezi kurekebisha uniti ambazo hazikupangwa upya.

Kando ya kitanda, ndani ya chandarua, weka kikopo cha sukari chenye mfuniko unaobana ili sisimizi wasikimalize, chupa ya maji, kijiko, na tochi kwa ajili ya umeme kukatika. Anayelala naye chumba kimoja afundishwe dalili: jasho la baridi, kutetemeka, ndoto za kutisha, maneno ya ovyo, ukali usio wa kawaida yake. Na afundishwe hili zaidi ya yote: mtu akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, si soda, si asali, atapaliwa. Mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali, hata kama ni usiku wa manane na bodaboda ni moja tu mtaani.

Kuna jambo la mwisho ambalo sikulijua mapema. Kama kila usiku lazima ule ili usishuke, basi huenda dawa ya jioni imezidi, na kazi ya chakula si kuifukuzia dawa. Amka saa tisa usiku, siku tatu au nne, pima, andika pamoja na saa uliyochoma na ulichokula. Andika pia ukiamka na kichwa kinauma au mto umelowa. Sisi tulipeleka daftari la hivyo kliniki, daktari akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akampunguzia Mama uniti za jioni. Sasa usiku mwingi analala bila kula kitu. Kitafunwa kimebaki cha siku za shughuli, na siku hizo mimi hutega simu iniamshe saa tisa.